Glasi Niliyoshindwa Kuizuia

Nikiri mapema: jibu nililijua. Nililijua kuliko mtu yeyote aliyekuwa katika chumba kile, pengine hata kuliko madam aliyekuwa akitupima. Kwa hiyo msomaji asinihurumie akidhani sikuwa nimesoma.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nikiishi katika chumba kimoja mtaani Dallas, mjini Embu, na nilikuwa nimekusudia kuwa mhudumu wa baa katika meli ya watalii. Bahari sikuwahi kuiona. Pombe sikuwahi kuionja, maana baba yangu alikuwa bado hajanipa, na hilo nitalieleza. Chuo sikwenda. Kila nilichojua nilijifunza kwa simu, nikikaa kitandani na kumimina maji kutoka chupa ya soda hadi kwenye glasi, nafuta meza, namimina tena. Lengo lilikuwa mara kumi bila kumwaga. Tone moja likianguka, nilirudi mwanzo. Kuna siku nilirudi mwanzo hadi mikono ikaanza kutetemeka, na kadiri ilivyotetemeka ndivyo nilivyozidi kumwaga.

Kilichonisumbua zaidi kilikuwa umri wa kunywa. Kwetu Kenya ni miaka kumi na minane, basi. Melini inategemea safari. Meli nyingi zinazoanzia bandari za Marekani hazimpi pombe aliye chini ya miaka ishirini na moja. Nyingi zinazozunguka Ulaya humpa wa kumi na minane. Meli moja inaweza kuwa huku msimu huu na kule msimu ujao, ikabadilisha na sheria yake, kwa hiyo kijana wa miaka kumi na tisa anaweza kuwa mtu mzima mwezi wa sita na mtoto mwezi wa kumi na mbili. Haya yote niliyaandika kwenye daftari kwa kalamu za rangi tatu, na nikikosea herufi moja nilichana ukurasa mzima. Kwa kalamu nyekundu niliandika kanuni iliyonitisha kuliko zote: mtu mzima haruhusiwi kumpitishia kinywaji aliye chini ya umri, hata akiwa mwanawe, na mhudumu anayeona akanyamaza ana hatia sawa na aliyempa.

Wakala aliyekuwa akiitafutia kampuni ya meli wafanyakazi alikuwa na ofisi mjini Meru, ghorofa ya pili, karibu na soko la Gakoromone. Majaribio yalikuwa mara moja kwa mwaka. Ukianguka, unasubiri mwaka mzima. Mimi nilikuwa nimeacha kazi yangu ya kuhudumu mezani katika hoteli moja ya Embu wiki mbili kabla, eti nijiandae vizuri. Hakuna aliyeniambia niache. Ukweli ni kwamba niliogopa kuwa na mahali pa kurudi, nilidhani kutanilegeza. Na baba, huko nyumbani kwenye nyanda za chini, alikuwa ameshasimama kanisani akaomba watu waiombee safari yangu.

Mwenye jengo lile alikuwa Mwislamu, mfanyabiashara wa vitambaa, na aliikubali ofisi ile kwa sharti moja: pombe isipande ngazi zake. Kwa hiyo tulipimwa kazi ya baa kwa chai ya rangi. Bia ilikuwa chai ya rangi. Wiski ilikuwa chai ya rangi iliyokolea. Divai nyekundu ilikuwa chai ambayo mtu alikuwa ameisahau jikoni.

Madam alikuwa amefanya kazi melini miaka mingi. Alikaa pembeni na faili, na abiria wetu walikuwa vijana wenzetu waliongoja zamu. Palipohitajika abiria wa makamo, aliitwa mlinzi wa jengo, mzee mwenye mvi. Alipanda ngazi, akavua kofia yake ya kazi, akaketi.

"Mzee, sasa wewe ni abiria," madam alimwambia. "Tajiri. Umesafiri na kijana wako."

"Tajiri wa wapi?"

"Wa popote."

"Basi niletewe na mandazi."

Tulicheka wote, hata mimi. Aliyeigiza kijana wake alikuwa mwombaji kazi mwenzangu, mrefu, kutoka Kiirua. Nilipopita karibu naye alininong'oneza, "Buda, saa hii mimi ni mtoto wa tajiri. Nihudumie na heshima."

"Meli imetoka bandari ya Marekani," madam akatangaza. "Kijana ana miaka ishirini. Anza."

Tulizungumza kwa Kiingereza, lakini hapa nayaandika kwa Kiswahili. Niliwasalimu. Niliomba kadi zao za abiria, ambazo zilikuwa vipande vya katoni, nikazisoma. Nikamwambia kijana kwamba katika safari hii ningeweza kumpa juisi au soda. Alijifanya kununa. Mzee nikamletea bia yake, na halikuanguka tone. Madam alitikisa kichwa kukubali, akaandika kitu kwenye faili. Nilijiambia: umemaliza.

Hapo mzee akanywa funda moja. Akaishika glasi kwa mikono miwili, akamgeukia kijana wa Kiirua, akampa bila kusema neno.

Lazima nieleze. Kwetu kijana hajimiminii muratina, pombe yetu ya kienyeji. Anaweza kuwa ametahiriwa, ana ndevu, ana kitambulisho na kazi. Mbele ya wazee hanywi. Anangoja siku ambayo babake atakunywa funda moja, ashike pembe ya kunywea kwa mikono miwili, ampe. Kuanzia hapo ni mtu mzima, na hakuna anayeuliza ana miaka mingapi. Nilipokuwa na miaka kumi na saba niliwekwa kuwa mmiminaji katika sherehe ya mahari ya binamu yangu. Baba mdogo alipompa mwanawe pembe, shemeji mmoja aliyetoka mjini alinyoosha mkono katikati akasema, "Aah, si huyu alimaliza shule juzi?"  Mzee mmoja akamuuliza, "Na wewe ni nani wa kusimama kati ya mtu na damu yake?" Shemeji alitozwa mbuzi. Baba yangu alinivuta shati, akaniinamia sikioni: "Umeona? Anayemimina hutazama chini."

Ghorofani pale Meru, mbele ya glasi ya chai, nilitazama chini. Nilitazama viatu vyangu. Kanuni nyekundu ilikuwa ikijisoma kichwani neno kwa neno, na shingo ilikataa kuinuka. Nilimsikia kijana wa Kiirua akimeza. Baadaye aliniambia kwamba hata yeye alisahau kuwa ni mchezo. Aliipokea kwa mikono miwili kabla hajafikiri.

"Umeona nini?" madam aliniuliza.

"Mzee amempa kijana glasi."

"Na wewe umefanya nini?"

Badala ya kujibu nilimsomea kanuni. Yote, kuanzia mwanzo hadi mwisho, bila kuruka neno. Kuna mtu nyuma alicheka.

"Kwa hiyo unajua."

"Najua, madam."

"Ungekuwa hujui ningekufundisha." Alifunga faili. "Anayejua halafu ananyamaza nitampandishaje meli?"

Nilimfuata hadi kwenye ngazi. Ninaona haya kuandika hili, lakini nilimshika mkoba. "Madam, tafadhali, mara moja tu. Nitamnyang'anya. Nitamnyang'anya mbele ya kila mtu."

"Kijana, wachia mkoba wangu. Uje mwaka ujao."

Mlinzi alikuwa amesharudi langoni na kofia yake kichwani. "Pole sana," aliniambia. "Ningejua itakuangusha, ningeimaliza mwenyewe." Sikuweza kumkasirikia. Nilitamani niweze.

Kesho yake nilikwenda nyumbani. Baba alikuwa uani akipepeta ndengu. Huniita "baba" kwa sababu nilipewa jina la babake, na tangu utotoni neno hilo kutoka kinywani mwake limenifanya nitake kusimama wima.

"Baba, meli ni lini?"

"Nimeanguka."

Ungo ukatulia mikononi mwake. "Wamekuuliza nini?"

Ningeweza kumwambia. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima: baba mmoja alimpa mwanawe kinywaji, nami nilipaswa kukizuia. Lakini nilipomtazama nilijua atakachosema. Angesema nilifanya vizuri. Angenisifu, na angewasimulia wenzake jinsi mwanawe alivyojua adabu mbele ya wageni. Na mimi ningelazimika kumweleza kwamba huko ninakotaka kwenda mkono wake hauhesabiki, kwamba kazi niliyoililia ilikuwa kazi ya kuukataa. Yeye ambaye bado hajanipa pembe. 

"Kiingereza," nikasema. "Kiingereza changu kilikuwa kibaya."

Ulikuwa uongo wa aibu. Katika chumba kile hakuna aliyezungumza Kiingereza kunishinda.

Baba aliweka ungo chini taratibu. "Hilo ni kosa langu," alisema. "Mimi ndiye niliyekutoa ile shule ya bweni mwaka wa ukame."

"Hapana, baba. Si wewe."

"Ni mimi. Nyamaza."

Nikanyamaza. Ilikuwa mara ya pili katika siku mbili. Alifuta mikono kwenye suruali, akatoka langoni, akashika njia ya kwa jirani yetu, mwalimu aliyestaafu. Nilibaki nimesimama juu ya maganda ya ndengu, nikijua ninachopaswa kufanya, kumkimbilia na kumwambia, na sikufanya. Alirudi akitembea kama mtu aliyetua mzigo.

"Nimezungumza na mwalimu. Mnaanza Jumatatu, saa mbili asubuhi. Mwaka ujao hawatakuweza."

Jumapili kanisa liliombea Kiingereza changu. Mama mmoja aliniwekea mkono kichwani na kulia.

Jumatatu nilikwenda. Mwalimu alikuwa amevaa tai kwa ajili yangu na ameweka viti viwili chini ya paa la jiko, na ubao mdogo ambao sijui aliutoa wapi. Alianza na salamu. Alisema salamu ya asubuhi kwa Kiingereza, polepole, akaningoja niirudie. Baba alikuwa nje ya ua, akijifanya anafunga mbuzi, lakini kamba ilikuwa imetulia mkononi mwake.

Nikairudia, na nikahakikisha nimekosea kidogo.