Sinema Nilizoziona kwa Nyuma ya Shuka

Harufu ya dizeli ndiyo ilikuwa inatangulia. Gari la sinema likishafika Ipogolo, pale Iringa, fundi anawasha jenereta, moshi unaingia mpaka jikoni kwa mama mdogo Sekela, na mimi najua leo nafungiwa. Nyumba yake ilikuwa pembeni kabisa ya uwanja, na shuka la sinema walikuwa wanalifunga kwenye nguzo mbili karibu na dirisha letu, limetupa mgongo. Mama mdogo anatoka na ndoo zake za ulanzi, ile pombe ya mianzi, kuwauzia watazamaji, ananiachia mtoto wake mgongoni, mlango anaufunga kwa nje. Siku niliyomwomba nitoke kidogo tu alinijibu, "Sinema utaiona kwako ukiolewa." Basi nikawa naziangalia kupitia nondo za dirisha, kwa nyuma, picha zikipenya lile shuka jembamba.

Vijana wakiniuliza filamu gani za zamani wazitafute, nawaambia waanze na ile ya mpishi mnene na mbuzi aliyekula shela la bibi harusi. Haina maneno hata moja. Mpishi anamkimbiza mbuzi kanisani, sokoni, mpaka ndani ya treni, na uwanja mzima walikuwa wanacheka huku ulanzi unawamwagikia. Mimi nilikuwa nacheka nimeng'ata kanga, mtoto asiamke. Nyingine ni ya Kihindi, ya mama aliyepofuka kwa kulia, akaja kumtambua mwanawe kwa kunusa shati lake. Hiyo kaeni nayo mpaka mwisho, hata kama Kihindi hamkijui. Kitu kimoja tu kilinisumbua: watu wote mle walikuwa wanakula kwa mkono wa kushoto. Nikasema moyoni, kumbe watu wa sinema hawana adabu.

Mimi ni mtoto wa Mbalizi, kule Mbeya. Mama alikubali kunitoa kwa sababu mdogo wake huyo na mumewe, baba mdogo Yohani, walimwahidi nitasoma Iringa. Nililetwa na lori, nimelala juu ya magunia, njia sikuiona. Shule nayo sikuiona. Nawataja kwa majina kwa sababu na wao walinitaja kwa majirani kuwa ni mtoto mvivu, shule nimeikataa mwenyewe. Nilichotaka ni kurudi kwa mama, basi. Ila sikujua Mbeya iko upande gani, na kuuliza niliogopa, maneno yangemfikia mama mdogo.

Ndipo ikaja filamu ya serikali ya kilimo cha mahindi. Itafuteni na hiyo, ingawa mimi naichukia. Lori limejaa magunia, linasimama kwenye kituo chetu cha mafuta pale pale Ipogolo, na msemaji anasema mahindi haya yanakwenda Mbeya. Halafu lori linakata kushoto. Moyo ulinipiga, mtoto akaamka.

Nilipotumwa maji nikaacha ndoo bombani. Nikasimama mbele ya kile kituo, nikakata kushoto, nikatembea mpaka miguu ikavimba. Mama mmoja aliyebeba kuni aliniuliza naenda wapi peke yangu, nikamwambia. Akatua mzigo wake. "Mwanangu, huku ni Morogoro. Mbeya umeipa mgongo." Nikakaa chini. Hapo ndipo nilipoelewa ile mikono ya kushoto: kwa nyuma ya shuka, kulia nilikuwa nakuona kushoto. Baba mdogo Yohani aliponifikia na baiskeli yake sikukimbia hata kidogo. Toka siku hiyo mlango ulikuwa unafungwa hata mchana.

Nilitoka pale msichana mkubwa, dereva wa lori la mbao akanionea huruma, akanipakia. Mbalizi nilikuta kaburi la mama limeshaota majani. Siku hizi wajukuu zangu wanaangalia filamu kwenye simu, mlango uko wazi, na mama mdogo Sekela bado anakaa benchi la mbele kanisani, watu wanamwamkia. Ukipanda basi Ipogolo asubuhi, jua halijazama uko Mbalizi. Mimi njia hiyo ilinimalizia utoto wote, na niliposhuka hakukuwa na wa kunipokea.