Rula ya Profesa

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, tulimwita Profesa, na si kwa heshima. Miaka thelathini alikaa dirishani posta akipima vifurushi, na kwa kuwa nyuma ya kiti chake ilitundikwa ramani, akajiona dunia yote ameiweka kiganjani. Alipostaafu aliondoka nayo. Mfuko wa shati kalamu nne, hata moja haiandiki.

Dada yangu anaishi mbali, upande linakochomoza jua. Mara ya mwisho alikuja kwenye msiba wa mama yetu, akakaa uwanja wa ndege juu ya sanduku lake mpaka miguu ikavimba. Hakuna aliyekwenda kumpokea, maana saa ya kufika alituhesabia Profesa. Dada hakukanyaga tena miaka ishirini na miwili. Safari hii aliniambia kwenye simu, "Mdogo wangu, naondoka huku Jumamosi saa nne asubuhi. Nikikukosa mlangoni tena, napanda ndege inayorudi." Simu ikakatika.

"Hiyo niachie mimi," alisema Profesa, kana kwamba kuna aliyemwomba. Akatandaza ramani juu ya mchele niliokuwa nachambua, akaweka rula. Sentimita ishirini na saba. Kila sentimita kilomita mia tatu, jumla elfu nane na mia moja. Ndege inakata mia tisa kwa saa.

"Saa tisa angani, shemeji. Saa nne asubuhi ongeza tisa, inatua saa moja jioni. Nitakuwa uwanjani na gari saa kumi na mbili."

"Saa nne ya wapi?"

"Saa nne ni saa nne. Hizi ni hesabu, shemeji. Kwani wewe uliishia darasa la ngapi?"

La saba, na nililimaliza. Dada hunipigia simu akishakula cha usiku, mimi hapa naosha vyombo vya mchana. Wametutangulia saa tano, miaka nenda miaka rudi. Saa nne yao ya asubuhi, kwetu ni kumi na moja alfajiri. Ongeza tisa, inatua saa nane mchana. Nilihesabu kwa vidole. Yeye sikumwambia kitu. Mtu aliyejaa vile utamwongezea wapi?

Jumamosi saa saba nilikuwa nimeshasimama mlangoni wanapotokea abiria. Saa nane na nusu dada akatokea, anasukumwa kwenye kiti cha magurudumu, shingo kainyoosha anatafuta. Aliponiona alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Umezeeka," alisema.

"Na wewe umebaki msichana?" nikamjibu, nikashika mkono wake.

Saa moja na nusu jioni, tuko kwangu tunakunywa chai, Profesa akapiga simu kutoka uwanjani.

"Shemeji, usiwe na wasiwasi, mimi nimefika. Ndege yao ndiyo imechelewa."

Nikampa dada simu.

"Endelea kuisubiri, shemeji," dada alimwambia. "Miguu ikianza kuvimba, utatujulisha."