Kuku Mweupe

Mnisamehe kwa mwandiko mbaya na kwa herufi ninazokosea. Niliishia darasa la saba, naandika polepole, na ukurasa huu nimeshauchana mara tatu.

Nilikaa na Bibi miaka sita hapa Lundo, nyumba ya tatu kutoka ziwani. Hakuwa bibi yangu wa damu. Mwanawe, mtumishi wa serikali kule Mbinga mjini, ndiye aliyemwomba mama yangu nikamtunze. Siku ya kwanza Bibi alinitazama nilivyoinamisha kichwa, akasema, "Wameniletea bubu. Afadhali, nitasema kwa niaba ya wote wawili." Tangu hapo akaniita Bubu, nami nikalipenda jina hilo.

Mwaka wa nne macho yake yakaanza kufifia, mpaka yakazima kabisa. Mwanawe alikuwa amekwisha kumwambia kwamba siku akishindwa kuona, atamchukua wakakae wote Mbinga. Bibi hakutaka. Mumewe amezikwa nyuma ya nyumba hii, na baridi ya milimani, alisema, ingemmaliza kabla hajazoea choo cha ndani.

Basi tukaficha. Alihesabu hatua kumi na mbili kutoka mlangoni hadi jikoni. Mgeni akija, nilimkalisha barazani na ungo wa usipa, dagaa wa ziwa letu, awachambue mchanga kwa vidole. Asiyejua angeapa kwamba anaona. Kila asubuhi nilimnong'oneza rangi ya kanga niliyomvalisha na mawingu yalivyokaa. "Macho yangu siku hizi yana miguu," alinitania, "ila yanaogopa watu."

Mwaka jana, kabla ya Pasaka, mwanawe akatuma ujumbe kwamba anakuja. Bibi akaniagiza, "Kamata yule kuku mwekundu. Mwanangu hawezi kutoka Mbinga aje kula matembele."

Nikamkuta mwekundu anaatamia mayai. Nikamhurumia, nikamkamata mweupe, nikamfunga kwenye nguzo ya jiko. Sikumwambia Bibi. Niliona ni jambo dogo, na kwangu maneno hayatoki upesi.

Mwanawe akafika, akaamkia, akaketi. Nikiwa nachochea moto, mweupe akakata kamba, akaenda moja kwa moja kwenye mkeka wa usipa walioanikwa mbele ya Bibi. Upepo wa ziwa ulikuwa mkali, Bibi hakumsikia. Vidole vyake viliendelea na ungo.

"Mama, kuku anamaliza mboga yako. Humwoni?"

Bibi hakushtuka. "Namwona. Mwache ale, si ndiye wako huyo? Anakula kwa mara ya mwisho."

Mwanawe akacheka. Nikashusha pumzi. Lakini Bibi hakujua kuishia njiani. Akaongeza, "Mwone alivyo mwekundu, amenona kama mke wa mwenyekiti!"

Kicheko kikakatika. Mwanawe akamtazama kuku, kisha akanitazama mimi. Ningeweza kusema lolote. Ningesema mwekundu alikuwa hapo sasa hivi, nimemfukuza. Mdomo haukufunguka. Akainuka, akapunga mkono mbele ya uso wa mama yake, akabaki amesimama hivyo, machozi yakimtoka. Kuku yule hakuchinjwa. Kesho yake asubuhi waliondoka kwa basi.

Mwezi wa sita nilipanda Mbinga kumwona. Alikuwa amevalishwa sweta na soksi, ameketi karibu na dirisha lililofungwa.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, Bubu. Ziwa liko vipi?"

"Limetulia."

"Yule kuku alikuwa wa rangi gani?"

"Mweupe, Bibi. Mwekundu alikuwa anaatamia."

Aliishika chai yake mikononi mpaka ikapoa. Kisha akasema, "Ungeniambia tu, mjukuu wangu." Siku ile hakuniita Bubu tena, hata nilipoaga.

Mwezi wa nane walimrudisha Lundo, tukamzika pembeni ya mumewe. Kuku wote wawili bado wapo. Nawalisha mimi, na mweupe huwa simtazami.

Ninyi mnaosoma, hasa mliowahi kutunza wazee, nawaomba mniandikie. Mniambie kama nanyi mliwahi kunyamaza mahali palipotaka neno moja, na mnaishi nalo vipi. Mwandiko wenu usiwatie aibu. Nitausoma polepole, na nitawajibu.