Nilinunua spoti bovu Kyerwa, Mama akagoma kukalia kiti

Wakuu, heshima kwenu. Vijana wote humu, marahaba hata kama hamjaniamkia.

Mjukuu ndiye anayechapa, mimi nasimulia. Mkikuta chumvi, ni ya kwake. Mimi nasema yaliyotokea.

Mwishoni mwa miaka ya hamsini nilikuwa fundi wa malori ya kahawa pale Omurushaka. Ndoa yangu na Koku ilikuwa imekaribia, kanisani Kayanga.

Shida ilikuwa Mama. Nyonga yake ilikuwa mbovu. Kutembea kutoka kwetu Chonyonyo hawezi, baiskeli inamuumiza, na lori liko juu mno kwake. Alishaniambia nitamsimulia harusi nikirudi. Iliniuma sana.

Sasa, kule machimbo ya bati Kyerwa kulikuwa na Mzungu anarudi kwao. Alikuwa na gari la spoti la viti viwili, la zamani hata kwa wakati ule. Lilikuwa bandani, kuku wanatagia humo.

Wenzangu waliona mkweche. Mimi niliona kiti kilicho chini kama kigoda. Mama angeketi bila kupanda popote.

Nikampa fahali wangu na baiskeli, nikalivuta kwa lori hadi Omurushaka.

Wakuu, nililipenda lile gari. Miezi mitano niko chini yake. Spea hakuna, bomba la maji nimeunga kwa mpira wa baiskeli. Koku alikuwa analiita mke mwenzake.

Viti vilikuwa vimeliwa na panya. Nikatafuta rubugo, ile nguo ya gome la mti, laini, rangi ya udongo. Nikavishona mwenyewe, nikajiona mjanja.

Asubuhi ya harusi nikalipeleka nyumbani. Mama akatoka na fimbo yake, kapendeza. Akainama, akatazama kiti.

"Tata," akaniita. Tata ni baba, ndivyo mama zetu wanavyotubembeleza. "Hili si ndilo tunalozikia watu? Unanipeleka harusini au kaburini?"

Nilikuwa nimesahau kabisa. Kwetu rubugo ndiyo sanda. Mimi akili yote ilikuwa kwenye injini.

Akageuka arudi ndani. Nikapiga magoti hapo hapo na suti yangu ya kuazima, nikamwomba.

Akanirudia, akakigonga kiti kwa fimbo. Kisha akasema, "Livue. Kalete nyasi."

Wa kwetu mnajua, siku ya wageni nyumba hutandikwa nyasi mbichi sakafuni. Nikakata, nikajaza kiti, akatandaza mkeka wake juu.

"Sasa ni nyumba," akasema, akaketi.

Njia nzima alisalimia watu, hadi mbuzi. Kanisani alikaa mbele kabisa. Nilimwangalia yeye kuliko nilivyomwangalia Koku, na Koku hajanisamehe mpaka leo.

Gari halikudumu, injini ilikufa baada ya miaka michache.

Mama alituacha baadaye sana, mzee wa kushiba siku. Kwenye kasha lake tukakuta lile rubugo la kiti, limekunjwa, mishono yangu ya kupinda bado ipo. Kumbe alimwachia Koku maagizo: "Siku yangu ikifika nifungeni hili. Alinishonea mwanangu."

Tukamzika nalo.

Funzo, enyi mnaofufua magari ya zamani: kabla ya kushona kiti, muulize atakayekikalia.

Nani mwingine alinunua gari bovu kwa ajili ya mama yake? Tuelezeni hapa chini, mjukuu atanisomea.