Ukuta Uliozibwa kwa Heshima ya Armida

Sikukuu ya Mtakatifu Martino iliikuta mvua ikinyesha Corvasca tangu juzi yake, na Armida Barbagelata alikuwa amevaa gauni la kanisani chini ya koti la shambani. Kijiji kizima kilikuwa kinamtunuku leo. Yeye macho yake yalikuwa kwenye mitaro. Mvua ya namna ile haikuwahi kumkuta amekaa. Ilimkuta na jembe akizibua mitaro, yake na ya watu.

Ndiyo maisha yake hayo. Corvasca imeng'ang'ania mlimani, na kila shamba la mizabibu na mizeituni linashikiliwa na ukuta wa mawe yaliyopangwa makavu, bila chochote katikati. Armida alipokuwa msichana, vijana walikimbilia kazi Genova na kuta zikaachwa zibomoke. Alibaki. Mvua ikianza aligonga milango: "Amka wewe, mtaro wako umeziba!" Wakamwita Mama Matope, wakacheka hadi mlima uliposhuka ukafukia zizi la Gaspare na ng'ombe wote ndani. Baada ya hapo waliocheka walikuja wenyewe kuazima sururu. Somo lake lilikuwa moja tu: ukuta kazi yake ni kushika udongo, maji uyapishe.

Sasa walikuwa wamekusanyika chini ya kanisa dogo, mbele ya ukuta mkubwa uliofunikwa turubai. Aliyelishika turubai ni Ilario, mdogo wake, mwashi aliyejenga nyumba za Genova maisha yake yote huku dada mtu akibaki na wazazi na mashamba. Hilo lilikuwa halijawahi kusemwa baina yao.

"Dada, fumba macho," alisema. "Haya, fumbua!"

Bamba la marumaru lenye jina lake liling'aa. Kulizunguka, kati ya kila jiwe na jiwe, kulikuwa na saruji, imekwanguliwa vizuri kama ya ukuta wa benki. Watu wakapiga makofi.

"Ukuta ulikuwa na nyufa, dada. Nimeujaza mpaka ndani," Ilario alisema, machozi yakimlengalenga. "Huu haung'oki hata siku ya kiama."

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wahenga hao hawakulima Corvasca, ambako ufa ndio mlango wa maji.

Armida alitazama. Kuta zote za mlimani zilikuwa zinachuruzika. Huu ulikuwa mkavu kuanzia katikati hadi chini, maji yote yamebaki nyuma yake, na chini yake kabisa lilikuwepo paa la Delfina, mjane aliyevunjika nyonga, moshi ukitoka jikoni mwake. Wanawake wale wale aliowafundisha ndio waliomchotea Ilario maji ya kukorogea saruji. Siri nzuri ina ubaya wake: kila mtu anakazana kuitunza, hakuna anayeuliza swali.

"Mleteni Delfina," alisema.

"Kwenye mvua hii?" mwanamke mmoja aliuliza. "Tutampelekea mkate wake wa dengu."

"Mbebeni na kiti chake. Sasa hivi!"

"Jamani," meya akacheka, "hata siku yake anatutuma!" Watu wakaangua kicheko, lakini Gaspare hakucheka. Aliita wanaume wawili wakashuka mbio.

Meya akaanza hotuba. Armida hakusikia hata neno. Alipitisha kiganja ukutani, akaona katikati umevimba. Kumwambia hapa, mbele ya kijiji kizima, ni kumvunja mdogo wake kabisa. Kunyamaza ni kumzika mtu.

"Hujaupenda," Ilario alinong'ona.

"Nimeupenda." Ilikuwa kweli. "Weka mkono hapa, mdogo wangu."

Akauweka. Saruji ilipasuka chini ya vidole vyake, uzi wa maji ya matope ukamrukia kifuani. Mwashi hahitaji maelezo zaidi.

"Mungu wangu. Nimeyazibia maji njia, dada."

"Lete mtaimbo."

"Nitapiga mimi. Hilo tu usininyang'anye."

Walisubiri Delfina aletwe. Kusubiri huko Armida hatakusahau. Kila kokoto iliyodondoka aliihesabu. Kiti cha Delfina kilipofika juu salama, Ilario akapiga kwenye kona ya chini. Akapiga tena. Maji yakafumuka mekundu, yakamlowesha suti hadi kiunoni. Bamba likang'oka, likaangukia mawe, likapasuka. Ukuta ukatikisika, ukabaki umesimama.

"Mmenibeba mvua yote hii," Delfina akasema, "mje kunionyesha bomba?"

Walicheka wote, wengine wakilia. Ilario hakucheka. Alikuwa amekaa matopeni, kipande cha marumaru mkononi, herufi chache za jina la dada yake zikionekana.

"Nitakuchongeshea lingine. Zuri kuliko hili."

"Hapana. Ukuta tutaubomoa tuupange upya, mkavu, mimi na wewe. Hilo lipondeponde, tulitie nyuma ya mawe pamoja na kokoto."

"Jina lako, dada? Nani ataliona huko nyuma?"

"Maji yatapita. Na wewe Genova hurudi mpaka tumalize. Nimeshika kuta hizi peke yangu vya kutosha."

Ilario alikiweka kile kipande cha marumaru juu ya jiwe. Kisha akaokota nyundo.