Silinda Mpya na Safari ya Kwanza ya Mume Wangu

Ndege yangu imenizidi umri. Ni ya injini moja na viti vinne, mabawa yako juu, gurudumu dogo liko mkiani, na inapoegeshwa hukaa imeinua pua kama ng'ombe anayenusa mvua. Niliinunua kwa daktari mmoja mzee wa misheni, ambaye aliitumia miaka mingi kuzungukia visiwani, alipostaafu na kurudi kwao. Mimi ni daktari wa meno hapa Mwanza. Wagonjwa wangu wakisikia nina ndege hudhani nimetajirika, kumbe gari letu linasukumwa asubuhi ndipo liwake, na kiwanja chetu cha Misungwi hakijapata hata msingi. Kila ziada inaishia kwenye ndege. Tangu nikiwa binti wa shule nilikuwa nikisikia mngurumo juu ya paa letu pale Nyakato, naacha vyombo kwenye karai na kukimbilia nje. Nilipokuwa mtu mzima sikuona sababu ya kuacha kukimbia.

Mume wangu ni mwalimu wa jiografia, mzaliwa wa Ukerewe. Aliizoea ndege kwa namna yake: aliiita mume mwenzake. Jumamosi jioni nikirudi kutoka uwanjani nanuka petroli, aliniuliza mume mwenzake kaamkaje, kala nini, na kama bado anakohoa. Lakini kupanda hakupanda. Alisema komeo la mlango wa ile ndege ni kama la banda la kuku, na chombo kinachofungwa kwa komeo la banda la kuku hakikukusudiwa kwenda mbali na ardhi.

Siku moja ikakohoa kweli. Nilikuwa naipasha moto kabla ya kuondoka nikasikia mtetemo ambao sikuuzoea, mdogo tu, kama mtu anayetembea na kokoto kiatuni. Nilizima nikampigia simu fundi. Ni mzee wa Kijita kutoka pwani ya Mara, mwenye leseni ya kutengeneza ndege, na mwimbaji wa besi katika kwaya ya kanisa lao. Alikuja, nikamwamkia, akaitikia marahaba huku tayari anafungua kifuniko cha injini. Akapima silinda moja baada ya nyingine kwa kuzijaza upepo. Mojawapo haikushika pumzi. Upepo ulitoka ukisikika kabisa kwenye bomba la moshi.

Fundi alitaka kuona ndani kabla ya kufungua, ila kamera yake nyembamba ya kuchungulia ilikuwa imebaki Musoma. Nikakumbuka mkoba wangu wa kazi uko kwenye gari. Nikaleta kile kioo kidogo chenye mpini, kile ninachotumia kuangalia nyuma ya magego, pamoja na taa ya kichwani. Tukatoa plagi, nikaingiza kioo kwenye tundu lake, nikakigeuza polepole kama ninavyogeuza kinywani mwa mtu. Na pale, kwenye ukingo wa valvu ya kutolea moshi, nikaona pembe imelika, nyeusi, imechongoka. Nilipaswa kusikitika, maana ndege haitaruka, lakini furaha niliyokuwa nayo ilikuwa ya mtu aliyegundua kitu kwa macho yake mwenyewe.

"Mzee, hili limeoza," nikamwambia. "Ni la kung'oa."

Fundi akachungulia, kisha akacheka mpaka akashika bawa.

Silinda mpya ilibidi iagizwe ng'ambo. Ilichukua miezi. Katika muda huo sikuiacha ndege peke yake. Nilienda kuiosha, kugeuza magurudumu yasikae upande mmoja, na kuhakikisha nyigu hawajajenga kwenye matundu yake, maana nyigu wa ukanda huu wa ziwa wakiona tundu wanaona nyumba. Mwishowe kasha la mbao likafika. Tulilifungua hapo hapo uwanjani. Ndani ya karatasi zenye mafuta kulikuwa na kitu kinachong'aa, chenye mapezi membamba yaliyopangana kama kurasa, na mimi na fundi tukabaki tunakitazama kama watu waliokuja kuona mtoto mchanga.

Siku ya kuifunga, mume wangu alikuwa ametuletea chakula. Ilitokea tukahitaji mikono zaidi: mimi nabana pete za pistoni, fundi anaelekeza, na mtu wa tatu anashikilia silinda isiyumbe. Mume wangu akaweka hotpoti chini, akakunja mikono ya shati. Alidhani ni kazi ya kufumba na kufumbua. Aliishikilia, akaanza kuuliza. Hii inafanya nini? Hewa inaingilia wapi? Kwa nini hakuna rejeta kama ya gari? Fundi alimjibu kila swali kwa sauti yake ya besi, na mwalimu akawa mwanafunzi. Nati zote zilipokazwa kwa kipimo chake, mume wangu alikuwa na grisi hadi kwenye viwiko, na wali umepoa.

Mimi na fundi tuliijaribu kwanza peke yetu, tukizunguka juu ya uwanja kwa nguvu kubwa ili silinda izoee. Injini iliimba bila hata kikohozi kimoja. Jumamosi iliyofuata natoka nyumbani, nikamkuta mume wangu ameshakaa garini, amevaa koti lake la kanisani.

"Mama watoto," akasema, akiangalia mbele, "kule mtu anakaa kiti kipi?"

Sikumjibu kwa maneno mengi, nisije nikamwamsha. Nilimketisha kulia kwangu, nikamfunga mikanda, nikafunga lile komeo mwenyewe. Mnara wa kuongozea ndege ukaturuhusu. Nikasukuma mkono wa mafuta mpaka mwisho, mkia ukainuka, ardhi ikawa nyepesi, na tukawa juu ya maji.

Alikuwa amefumba macho. Nilimwambia kuna daraja chini yetu. Akafumbua, akaliona lile daraja refu la kuelekea upande wa Sengerema likiwa limelala juu ya ghuba, na tangu hapo hakuyafumba tena. Miaka yote alikuwa akiwachorea watoto rasi, ghuba na visiwa ubaoni. Sasa vilikuwa vimetandazwa chini yake. Alinionyesha kila kitu kama vile mimi ndiye mgeni. Nilimwacha afundishe.

Wakati wa kurudi, nikishuka kuelekea uwanjani, niliona mbele kitu kama moshi mwembamba ukipanda kutoka ziwani. Nikadhani wanachoma majani ufukweni. Hawakuwa wanachoma kitu. Vilikuwa vile vijidudu vya ziwa vinavyopanda kwa mamilioni, na nilipotambua tulikuwa tayari ndani. Sauti yao ilikuwa kama mvua ya mchanga. Kioo cha mbele kikageuka ukungu wa kijani, na mshale wa saa ya mwendo ukalala kwenye sifuri. Ule mrija mdogo chini ya bawa, unaopokea upepo ili saa hiyo ifanye kazi, ulikuwa umeziba.

Tukatoka upande wa pili. Injini haikubadilika hata kidogo. Niliuarifu mnara, wakanipa uwanja mzima. Ndege hii nilikuwa naijua kwa mlio na kwa uzito wa usukani mkononi, kwa hiyo mwendo haukunitisha. Kilichonitisha ni kwamba sioni mbele. Niliipinda ubavu kidogo ili nichungulie kwa dirisha la kushoto, nikaona ukingo mmoja tu wa njia.

"Upande wako kuna nini?" nikamuuliza.

Nilitegemea sauti ya kutetemeka. Mume wangu alikuwa amebandika paji la uso kwenye kioo. Akasema kwa sauti yake ya darasani, "Mawe ya ufukweni yako nyuma yetu. Ukingo wa lami huu hapa, unakuja sambamba. Sogea kulia kidogo. Hapo. Baki hapo."

Nikabaki hapo. Niliinyoosha, nikapunguza mafuta, nikangoja. Tulidunda mara moja, tukatua, na gurudumu la mkia likagusa. Nilipozima injini tulikaa tukisikiliza chuma kikipoa. Kisha mwili wake ukaanza kutikisika. Niligeuka haraka kumshika mkono. Alikuwa anacheka, machozi yanamtoka, hawezi kusema. Nami nikaanza. Fundi alitukuta hivyo, akazunguka ile pua iliyopakwa kijani kibichi, akatikisa kichwa, akaenda kutafuta maji.

Hatukuwa tumefika nyumbani mume wangu alipompigia simu mama yake kule Ukerewe. Alizungumza Kikerewe, kwa kasi, na mimi nilishika maneno machache tu. Alimwambia Jumamosi ijayo asubuhi asiende shambani, akae uani, avae kitenge chekundu.

Jumamosi hiyo tulipita juu ya kisiwa mapema, hewa ikiwa bado tulivu. Yeye ndiye aliyeniongoza: kanisa, barabara ya udongo, mihogo, bati lenye kutu. Mama mkwe wangu alikuwa katikati ya ua na majirani wote wamemzunguka, na kitenge hakukivaa. Alikuwa amekishika kwa ncha zake mbili, anakipunga juu ya kichwa huku akizunguka mzima mzima. Niliinamisha bawa upande wake. Mume wangu alikuwa amefungua dirisha, upepo unamvimbisha mashavu, na alikuwa anamwamkia mama yake kwa sauti yote aliyokuwa nayo.