Kizuizi cha Mvua, Njia ya Bereko

Wakati wa Mwingereza, barabara ya Dodoma kwenda Babati ilikuwa ya udongo mtupu, na masika ilifungwa kwa vizuizi. Kizuizi kilikuwa gogo lililolazwa kukatiza njia, mnyororo, kufuli, na mzee wa kijiji cha jirani aliyeajiriwa kukilinda. Mvua ikinyesha, lori halikupita mpaka yeye aseme udongo umekauka.

Nilikuwa kijana, nimetoka sekondari karibuni, karani wa ofisi moja ya serikali pale Dodoma. Bwana mkubwa wetu alikuwa anakuja Bereko kupima msitu, akitokea Arusha. Nilitumwa kwa lori nitangulie na mahema na masanduku ya vyombo. Nafasi ya karani mkuu ilikuwa wazi, nami nilitaka anikute kambi imesimama.

Dereva alikuwa Mnyamwezi wa makamo. Mimi Mgogo, basi tulikuwa watani, na tangu Chemba hatukunyamaza. Nilimuuliza kama lori lake litaumudu mlima. Akasema babu zake walipita nchi yetu na pembe za ndovu mabegani wala hawakukwama, ila walichelewa kidogo kwa kuwacheka Wagogo.

Tulipopita Kolo njia ilianza kupanda, na hapo tukakuta gogo limefungwa. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Mlinzi, mzee wa Kirangi asiyevaa viatu, alitupeleka mbele kidogo, akakanyaga udongo kwa kisigino, akainua mguu. Alama ilijaa maji. Alisema tungoje siku mbili. Dereva alikubali na kuanza kutafuta kuni.

Mimi nilitoa karatasi mfukoni. Ilikuwa orodha ya masanduku, kwa Kiingereza, ina muhuri. Nilijua hajui kusoma.

"Hiyo inasema nifungue, bwana karani?" aliniuliza.

"Inasema ufungue, mzee."

Dereva alinitazama, lakini mkuu wa safari nilikuwa mimi. Mzee akafungua kufuli.

Hatukufika mbali. Kwenye kona ya tatu ukingo wa barabara ulimeguka, magurudumu ya nyuma yakazama mpaka ekseli, na kalvati ikabomoka chini yetu. Tulichimba, tukakata matawi, tukaweka mawe. Lori lilizidi kulala ubavu.

Tulikaa pale siku tatu chini ya turubai. Nitasema kweli, mahali palikuwa pazuri. Asubuhi ukungu ulishika miti yenye kuvu kama ndevu, na ulipoinuka tuliona mbuga ya Wamasai chini kabisa, rangi ya ngozi ya simba. Maji ya kijito yaliuma meno. Tulikula ugali kwa mlenda mkavu niliofungiwa na mama, na dereva alisema chakula cha Wagogo humteleza mtu kooni kabla hajajua kama amekula. Nilicheka. Sikumfikiria yule mzee hata mara moja.

Siku ya tatu alikuja msimamizi wa barabara na vibarua wake. Mlinzi alikuwa nyuma yao. Msimamizi alitazama kalvati, akauliza nani aliyefungua. Mzee alisema alifungua yeye, kwa sababu karani ana karatasi ya ruhusa.

"Iko wapi karatasi?" msimamizi aliniuliza.

Ilikuwa mfukoni mwangu. Nilisema sina karatasi yoyote, tulikuta njia wazi.

Mzee alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka alikosea wapi kusikia. Msimamizi akamwambia alete ufunguo. Aliuvua shingoni, ulikuwa umefungwa kwa uzi wa katani, akaukabidhi, akashuka mlima peke yake. Vibarua walitusukuma tukatoka.

Kambi ilisimama siku moja kabla ya bwana mkubwa kufika. Alifurahi. Ukarani mkuu niliupata mwaka uleule.

Wiki tatu baadaye tulirudi kwa njia ileile. Kizuizini alikuwapo mlinzi mwingine. Dereva alimuuliza nyumbani kwa yule mlinzi wa zamani ni wapi, naye akatuonyesha nyumba ya tembe mtelemkoni, karibu kabisa, mtu anapalilia mtama mbele yake. Gogo lilikuwa limeshainuliwa. Dereva alizima injini, akaweka mikono juu ya usukani, akangoja nishuke.

Nilimwambia twende.